UZI: Emmy Noether, mwanahisabati aliyefanya kazi miaka 15 bila mshahara na bado fizikia ya leo inamtegemea

#1, Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Humu jukwaani zikifunguliwa mada za wanasayansi wakubwa, majina ni yaleyale: Newton, Einstein, Tesla. Leo naomba nimlete mtu ambaye Einstein mwenyewe alimvulia kofia, na ambaye wengi wetu tuliosoma fizikia tumetumia matunda yake bila kulisikia jina lake hata mara moja darasani.

Niseme jambo moja mapema. Wengi wanaomwandika Emmy Noether huanza na dhuluma aliyotendewa na kuishia hapohapo, kana kwamba sifa yake kubwa ni kuonewa. Alionewa kweli, na sitaficha chochote. Lakini ukubwa wake uko kwenye namna alivyofikiri. Aliingia kwenye hisabati akiwa mtu wa mahesabu marefu ya mkono, kurasa kwa kurasa, kisha akageuka kabisa akawa mtu wa kuuliza: kwa nini mahesabu haya yanaleta majibu haya na si mengine? Mgeuko huo ndio ninaotaka tuufuatilie.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 mjini Erlangen, Bavaria, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo. Emmy alikuwa binti pekee kati ya watoto wanne. Alisoma kama mabinti wa tabaka lake walivyosomeshwa, na mwaka 1900 akafaulu mtihani wa kuwa mwalimu wa Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana. Kazi ilikuwa inamsubiri. Hakuifanya hata siku moja.

Badala yake akaenda kuomba kukaa darasani chuo kikuu. Nasema "kuomba kukaa" kwa sababu kujiandikisha hakuruhusiwa. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1898, seneti ya chuo cha Erlangen ilikuwa imetamka kwamba kuwapokea wanawake kungevuruga utaratibu wote wa chuo. Kwa hiyo ilimbidi apate ridhaa ya kila mwalimu mmojammoja, akae asikilize, bila mtihani wala cheti. Kati ya wanafunzi 986 waliokuwepo, wanawake walikuwa wawili.

Mwaka 1903 akafaulu mtihani wa kumaliza sekondari huko Nuremberg kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapita Göttingen muhula mmoja kusikiliza mihadhara ya vigogo wa hisabati kama Hilbert, Klein na Minkowski, na Erlangen ilipofungua milango kwa wanawake mwaka 1904 akarudi kujiandikisha rasmi. Alijiandikisha hisabati tu.

Udaktari wake aliupata mwaka 1907 chini ya Paul Gordan, rafiki wa familia na bingwa wa mahesabu mazito ya aljebra. Tasnifu hiyo inamalizikia na orodha ya maumbo 331 ya kialjebra, yaani semi za kialjebra, yote yameandikwa wazi moja baada ya jingine. Hebu tafakarini kazi ya kutafuta maumbo 331 kwa kalamu na karatasi, bila kompyuta, na kuhakikisha hakuna lililosahaulika. Alipata alama ya juu kabisa. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe aliiita takataka, na aliposema hivyo alimaanisha. Tutaona kwa nini.

Naendelea, mnivumilie kidogo.

#2, Mleta uzi

Kuanzia 1908 hadi 1915 alifanya kazi katika taasisi ya hisabati ya Erlangen bila cheo na bila mshahara. Alitafiti, alichapisha makala, na afya ya baba yake ilipozorota akawa anaingia darasani kufundisha kwa niaba yake. Chakula na malazi vilitoka kwa wazazi.

Katika miaka hiyo alifika Erlangen profesa mwingine, Ernst Fischer, ambaye jina lake halivumi sana. Huyu ndiye aliyemwingiza katika njia ya Hilbert: usiorodheshe vitu vyote, thibitisha kwamba orodha yenye kikomo ipo, na uthibitishe kwa kuangalia muundo. Walikuwa wakizungumza hisabati hadi nje ya darasa, na Noether alikuwa akimtumia kadi za posta kuendeleza hoja pale walipoishia. Mgeuko ulianzia hapa, kabla ya Göttingen na kabla ya Einstein.

Mwaka 1915 Hilbert na Klein wakamwita Göttingen, kituo kikubwa kuliko vyote vya hisabati duniani wakati ule. Walimhitaji kwa jambo mahususi, nitalieleza kwenye bandiko linalofuata. Majuma machache baada ya kuhama, mama yake akafariki.

Walipoomba apewe kibali cha kufundisha, maprofesa wa kitivo, hasa wale wa nje ya hisabati, wakapinga. Inasimuliwa kwamba mmoja aliuliza: askari wetu watakaporudi kutoka vitani, watajisikiaje kukuta wanatakiwa kusoma miguuni pa mwanamke? Na Hilbert akajibu kwamba haoni jinsia ya mwombaji inahusikaje, maana hapa ni chuo kikuu, si bafu la umma.

Jibu lile ni zuri na limenukuliwa kote, lakini tusisahau kwamba halikubadilisha chochote. Kibali hakikutoka. Wakapata njia ya kuzunguka: mihadhara ikatangazwa kwa jina la Hilbert, na chini yake pameandikwa kwamba anasaidiwa na Dkt. E. Noether. Aliyesimama ubaoni ni Noether. Hali iliendelea hivyo kwa miaka minne.

#3, Mdau

Mkuu uzi mzuri sana, nimeweka kambi. Ila naomba ufafanue, huyu mama aligundua nini hasa? Maana wengi wetu hisabati tuliiacha kidato cha nne.

#4, Mleta uzi

Shukrani mkuu. Nitaeleza bila fomula.

Mwaka 1915 Einstein alikamilisha nadharia yake mpya ya mvutano. Hilbert naye alikuwa akiishughulikia, na wote wakakwama mahali pamoja. Kila aliyesoma fizikia anakumbuka kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, inabadilika umbo tu. Lakini ndani ya nadharia mpya, kanuni hiyo ilionekana kulegea. Hesabu ilitoka kwa namna ya ajabu ambayo haikuonekana kubeba maana ya kifizikia. Hilbert akampa Noether suala hilo kwa sababu alikuwa mtaalamu wa vitu visivyobadilika unapogeuza mtazamo.

Mtu mwingine angetafuta pale hesabu ilipokwamia na kurekebisha. Noether akarudi nyuma zaidi akauliza: kwani kanuni ya uhifadhi wa nishati inatoka wapi hasa? Tangu zamani ilikuwa inajulikana kwa majaribio na kwa mahesabu ya hapa na pale. Chanzo chake cha jumla kilikuwa hakijaonyeshwa na mtu.

Jibu lake: kila ulinganifu endelevu (yaani wa mabadiliko yanayoweza kufanywa kidogokidogo bila kuruka) katika sheria za maumbile huzaa kitu kinachohifadhiwa. Ulinganifu hapa maana yake ni kwamba unaweza kubadilisha jambo fulani na sheria zikabaki vilevile. Sheria za fizikia za leo ni zile za kesho, na kutokana na hilo nishati inahifadhiwa. Sheria za Mwanza ni zile za Mombasa, ndiyo maana momenta (masi ya kitu ukiizidisha kwa kasi yake) inahifadhiwa. Ukigeuza meza ya maabara ikaelekea upande mwingine jaribio linatoa jibu lilelile, na hapo unapata uhifadhi wa momenta ya mzunguko.

Tuchukue hilo la nishati tulione kwa karibu. Tuseme una tenki juu ya mnara wa mita 10 na unapandisha lita 1,000 za maji. Kazi inayohitajika ni kama jouli 100,000. Sasa tuseme mvutano wa dunia ungekuwa unapungua nusu kila usiku na kurudi asubuhi, yaani sheria inabadilika kwa saa. Ungepandisha maji usiku kwa jouli 50,000, ukasubiri kukuche, ukayaachia yashuke kupitia jenereta ukavuna jouli 100,000. Kila siku unapata jouli 50,000 za bure zilizotoka hewani. Nishati ingekuwa inaumbwa mbele ya macho yako. Haiwezekani kwa sababu mvutano wa usiku ni uleule wa mchana. Noether alithibitisha kwamba uhusiano huu ni wa lazima katika kila mfumo wa aina hiyo, ujulikanao na usiojulikana bado.

Makala ilitoka mwaka 1918. Aliyeiwasilisha mbele ya jumuiya ya kisayansi ya Göttingen ni Felix Klein, kwa kuwa Noether hakuwa mwanachama, na hakuwahi kufanywa mwanachama hadi mwisho. Na ule mkwamo wa Einstein na Hilbert? Sehemu ya pili ya makala ileile ilieleza kwamba katika nadharia ya mvutano kulegea kule ni tabia ya nadharia yenyewe, kwa sababu ulinganifu wake ni mpana kupita ule wa fizikia ya zamani. Hakuna aliyekosea hesabu.

Leo hii wanafizikia wanaotafuta chembe mpya huanza na ulinganifu kisha wanauliza nini kitahifadhiwa. Mpangilio huo wa kufikiri ni wake.

#5, Mdau

Mkuu mimi nina shaka kidogo, usinielewe vibaya. Isije ikawa Hilbert ndiye aliyembeba? Kazi za namna hii mara nyingi msimamizi ndiye mwenye wazo.

#6, Mleta uzi

Ni swali la haki, nalijibu kwa uzito wake.

Hilbert na Klein waliandika hadharani kwamba suala la nishati walilipeleka kwake na majibu yakatoka kwake. Einstein alipoisoma kazi yake mwaka 1918 alimwandikia Hilbert kwamba wazee wa Göttingen wangefaidika kujifunza kwa Bi. Noether. Desemba mwaka huohuo akamwandikia Klein kwamba ni dhuluma kubwa kumnyima haki ya kufundisha rasmi. Watu hao walikuwa wanapeana barua za faragha. Hakukuwa na sababu ya kumpamba.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi ni kilichofuata. Kibali cha kufundisha alikipata mwaka 1919, baada ya vita na mapinduzi kubadilisha sheria za Ujerumani. Kuanzia hapo aliiacha fizikia kabisa akaingia kwenye aljebra, mahali ambapo Hilbert hakuwa akimwongoza, na akaijenga upya kuanzia msingi. Kama angekuwa mtu wa kubebwa, hapa ndipo angeanguka. Kwa wanahisabati wenyewe, kazi hii ya aljebra ndiyo kubwa zaidi ya zote alizofanya.

Nijaribu kuionyesha kwa hesabu za shule ya msingi. Mnakumbuka KDS na KKS, vigawe na vigawo? Chukua vigawe vyote vya 24: 24, 48, 72 na kuendelea. Vyote vimo ndani ya vigawe vya 12. Vya 12 vimo ndani ya vigawe vya 6. Vya 6 vimo ndani ya vya 3. Vya 3 vimo ndani ya vigawe vya 1, yaani namba zote kamili. Hapo mnyororo umegota, huwezi kupanua tena. Na hata ungeanza na namba yenye tarakimu elfu moja, mnyororo wa namna hiyo lazima ugote mahali, kwa sababu kila hatua inakupeleka kwenye kigawo kidogo zaidi na vigawo vina mwisho.

Noether aliangalia jambo hilo dogo akaona kwamba ndilo linaloshika kila kitu. Mwaka 1921 alichapisha makala ambayo haijali tena kama unashughulika na namba, na semi za kialjebra kama zile za x na y, au na kitu kingine chochote kinachoruhusu kujumlisha na kuzidisha. Mifumo hiyo wanahisabati wanaiita ringi. Alisema: nipe ringi ambayo minyororo yake hugota, basi nitakuthibitishia kwamba vitu vyake vinaweza kuvunjwa kuwa vipande vya msingi. Kama vile vigawe vya 24 ni zile namba zilizo vigawe vya 8 na vya 3 kwa pamoja, hakuna pungufu hakuna ziada. Kwa hoja moja akafunika matokeo ambayo watangulizi wake waliyapata kwa kurasa na kurasa za mahesabu.

Sasa rudini kwenye yale maumbo 331. Mtu aliyeyaandika yote kwa mkono, miaka 14 baadaye anatoa uthibitisho ambao hauna hesabu hata moja ndani yake na unatosha kwa mifumo yote ya aina ile. Mimi hapa ndipo ninapompendea. Ringi za namna hiyo leo zinaitwa kwa jina lake katika vitabu vyote vya hisabati duniani.

#7, Mdau

Duh. Na hapo mshahara bado?

#8, Mleta uzi

Bado, mkuu. Kibali cha 1919 kilimpa haki ya kufundisha, hakikumpa mshahara. Mwaka 1922 wakampa jina la uprofesa, nalo lisilo na mshahara. Malipo ya kwanza yalikuja mwaka 1923, madogo, kwa mkataba wa kufundisha aljebra. Kutoka 1908 hadi hapo ni miaka 15. Uprofesa kamili hakuwahi kupewa Ujerumani. Mwanahisabati Hermann Weyl, aliyekuja Göttingen mwaka 1930 kurithi kiti cha Hilbert, alijaribu kumpigania wizarani akashindwa, na baadaye alikiri kwamba aliona aibu kukaa kwenye nafasi ya juu kando ya mtu aliyejua kwamba anamzidi kwa mengi katika hisabati.

Darasani alikuwa mwalimu mgumu kwa asiyemzoea. Alizungumza haraka, alifuta ubao kabla watu hawajanakili, na mara nyingi alikuwa akifikiri palepale mambo ambayo hayajakamilika. Wengi walikata tamaa wiki ya kwanza. Waliobaki walimpenda mno, na mji mzima uliwajua kama vijana wa Noether. Siku moja jengo lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Aliwakusanya wanafunzi kwenye ngazi za nje, akawapeleka msituni kwa miguu huku akifundisha, wakamalizia kwenye mgahawa wa kahawa.

Mawazo aliyagawa bila kuhesabu nani atapata sifa. Mholanzi van der Waerden alifika kwake mwaka 1924, na kitabu alichokichapisha miaka ya 1930 na 1931 kilieneza aljebra mpya duniani kote. Kwenye ukurasa wa mbele kimeandikwa wazi kwamba kimetumia mihadhara ya Emil Artin na Emmy Noether. Mrusi Alexandrov na wenzake walipata kwake wazo lililobadilisha topolojia, yaani taaluma ya maumbo: badala ya kuhesabu matundu ya umbo kwa namba tu, chunguza kundi zima la kialjebra lililo nyuma ya namba hizo. Mwanafunzi wake Grete Hermann, aliyepata udaktari mwaka 1925, baadaye alionyesha pengo katika uthibitisho maarufu wa mwanahisabati von Neumann kuhusu fizikia ya kwanta, yaani ya chembe ndogo kabisa. Ni ule ukoo wa fikra, mkuu, na wengine ndani yake walikuwa wanawake.

Mwaka 1932 alialikwa kuhutubia kikao cha wote katika Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati mjini Zürich. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo. Wa pili, Karen Uhlenbeck, aliipata mwaka 1990 kule Kyoto. Miaka 58 katikati.

#9, Mdau

Mkuu, Myahudi, Ujerumani, 1932. Naogopa kuuliza kilichofuata.

#10, Mleta uzi

Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Kabla mwezi haujaisha Noether akasimamishwa, pamoja na mwanafizikia Max Born na mwanahisabati Richard Courant. Akaendelea kufundisha nyumbani kwake. Mmoja wa wanafunzi wake alifika akiwa amevaa sare ya wanamgambo wa Nazi. Hakumfukuza, aliendelea na somo. Weyl, aliyekuwa naye kipindi kile, alisema ujasiri wake na moyo wake wa kutojali yatakayompata mwenyewe vilikuwa faraja kwa wote katikati ya chuki ile.

Mwishoni mwa mwaka huo akavuka bahari hadi Bryn Mawr, chuo cha wanawake kule Pennsylvania, Marekani, kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller. Mkuu wa idara ya hisabati alikuwa mwanamke, Anna Pell Wheeler, ambaye naye alikuwa amewahi kusoma Göttingen. Kwa mara ya kwanza Noether akawa na mwenzake mwanamke ofisini, na kikundi cha mabinti waliosoma naye hisabati ya juu. Aliwatembeza kwa miguu vilevile, akiwafundisha njiani. Kila wiki alikwenda Princeton kutoa mihadhara katika taasisi aliyokuwepo Einstein.

Aprili 1935 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye nyonga. Alifanyiwa upasuaji tarehe 10, akaonekana anapata nafuu, kisha homa ikapanda ghafla akapoteza fahamu. Akafariki tarehe 14. Alikuwa na miaka 53, na kazi yake ilikuwa bado inapanda. Einstein aliandika barua kwenye gazeti la New York Times akimtaja kuwa kipaji kikubwa zaidi cha ubunifu wa kihisabati kilichotokea tangu wanawake waanze kupata elimu ya juu. Majivu yake yamezikwa Bryn Mawr, kwenye varanda inayozunguka ua wa maktaba ya zamani.

#11, Mdau

Asante sana mleta uzi. Swali la mwisho: ndugu zake je? Na hakuolewa?

#12, Mleta uzi

Hakuolewa na hakuacha mtoto, mkuu. Kaka mmoja, Alfred, mkemia, alifariki mwaka 1918. Fritz ndiye mdogo wake aliyekuwa mwanahisabati kama yeye. Naye alifukuzwa Ujerumani, akakimbilia Tomsk, Siberia, akawa profesa huko. Kiangazi cha 1934, kabla Fritz hajaondoka, Emmy alirudi Ujerumani kwa muda mfupi, wakaagana.

Mwaka 1937, katika ule msako wa Stalin, Fritz alikamatwa kwa tuhuma za ujasusi. Einstein aliandika kwa waziri wa mambo ya nje wa Muungano wa Kisovieti kumtetea, haikusaidia. Alipigwa risasi Oryol Septemba 1941. Mahakama kuu ya huko ilimsafisha jina mwaka 1988, na familia ndipo ikajua rasmi kilichompata.

Mwenye swali zaidi kuhusu upande wa aljebra aliweke hapa, nitajibu jioni nikitoka kazini. Na aliyesoma chuo akafika hadi ringi, karibu anisaidie kuwaeleza wadau sehemu ya moduli (mada nyingine ya aljebra yake), nimeiruka kwa sababu ya urefu.